Babu Hajamaliza Kula

Babu yetu, Tan Bun-hiong, alishona miavuli mjini Tainan miaka arobaini, na kwa kula alikuwa wa polepole ajabu. Alipotimiza mwaka tangu afariki, tulimwandalia bata, tambi na samaki mbele ya picha yake. Kwetu marehemu hula kwanza. Ukitaka kujua kama ameshiba, unarusha vipande viwili vya mti, kila kimoja bapa upande mmoja na chenye mgongo upande wa pili: kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amemaliza. Vyote vikilala chali, anakucheka.

Baba akarusha. Vyote chali.

Akarusha tena. Chali!

Mara ya sita tulikuwa hoi, mbavu zinatuuma, na njaa juu.

"Mzee, tambi zinaganda!" baba akalalamika. "Unataka bia?"

Tukamimina bia. Akacheka.

"Labda pilipili," akasema shangazi akiitazama picha, machozi ya kicheko yakimtoka. "Baba, hata huko ni kututesa tu?"

Tukaleta pilipili. Akacheka.

Ndipo bibi akatoka jikoni, aproni imelowa, amefura.

"Wajinga nyie! Miaka hamsini na mbili, lini huyu aliinuka mezani mimi sijala?"

Akavuta kiti, akaketi mkabala na picha, akachukua paja la bata.

"Mama, ni mwiko!" baba akapiga kelele.

"Nyamaza."

Akala taratibu mpaka mfupa ukabaki mweupe, akafuta mdomo.

"Haya, mume wangu. Nimeshiba."

Baba akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.