Mpini wa Nani?

Diploma yangu ya usimamizi wa miradi sikupewa na mtu. Niliilipia kwa mikono hii, baada ya miaka saba ya kubeba saruji Uarabuni, nikarudi Kanyakine na sanduku moja na akili iliyoamka. Wenzangu waliorudi na redio kubwa na viatu vya ncha kali, leo huwezi kuwajua katikati ya watu. Mimi nilichagua darasa, na sioni haya kusema nilichagua vizuri.

Chuo kilikuwa Meru mjini, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Harufu ya dawa ya mahindi ilipanda hadi kwenye madaftari yetu, na hata sasa nikiinusa dukani nahisi nimechelewa kipindi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Manyatta, kule Embu, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza. Wiki ya kwanza hakutufundisha neno gumu hata moja. Alituambia tupange kupika mukimo wa watu hamsini. Kazi gani haiwezi kuanza kabla nyingine haijaisha? Kazi gani zinaweza kwenda pamoja? Nilikuwa wa kwanza kusema kwamba viazi humenywa mahindi yakiwa jikoni, lakini hakuna wa kuponda mpaka vyote viive. Akaniambia hapo nimeshaelewa nusu ya kozi.

Nilipomsimulia mama nyumbani, alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Nina jina la babake, kwa hiyo aliniita baba tangu nikiwa mchanga. "Baba," akasema, "umelipa karo yote hiyo ufundishwe mukimo? Si ungeniuliza mimi?"

Mradi wa kumaliza masomo ulipaswa kuwa wa kweli, wa watu wa kweli. Kwetu ulikuwepo tayari. Kamati ya maji ilikuwa imeahidiwa paipu za plastiki na wafadhili, kutoka chemchemi ya juu hadi sokoni, kwa sharti moja: mtaro uwe umechimbwa wote kabla shule hazijafunguliwa. Tukichelewa, lori lingeshusha paipu hizo kwa kijiji kilichotufuata kwenye orodha. Mama alikuwa bado anateremka mtoni kila asubuhi, mtungi mgongoni na mkanda kwenye paji la uso, na goti lake lilikuwa limeanza kumkatalia.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kijiji chetu, alinikabidhi kazi ile mbele ya watu. Nilichora ratiba nyuma ya kalenda kuukuu, mistari ya kalamu nyekundu na ya bluu, nikaibandika kwenye mlango wa ghala la kahawa. Watu walisimama kuitazama kama picha ya harusi. Kila boma lilipata hatua ishirini za kuchimba. Kuhusu kina, niliandika vile wazee walivyosema siku zote: mpini mmoja wa jembe.

Tulimaliza siku sita kabla ya wakati. Nilimwalika mwalimu aje aone kazi ya mwanafunzi wake, nikavaa tai.

Alitembea kando ya mtaro, kisha akaomba kamba. Alipoivuta kutoka kipande kimoja hadi kingine, nikaona mwenyewe. Hapa mtaro ulifika kiunoni, pale ulifika gotini. Kwenye vipande vya kina kifupi, jembe la mwenye shamba lingekata paipu msimu wa kwanza tu wa palizi, na mkaguzi wa wafadhili asingekubali.

"Mpini wa nani?" akaniuliza.

Kwetu kila mtu huchonga mpini wake, kwa urefu wake, kutoka mti wa shamba lake. Ukioza pale unapoingia kwenye jembe, huutupi. Unakata kipande kilichooza na kuupachika tena. Kuna mipini iliyokatwa hivyo mara nne. Nilikuwa nimekulia kati ya mipini hiyo na sikuifikiria hata dakika moja.

Nilitaka kuitisha mkutano niwaeleze kosa lao. Lakini tayari kila mtu alikuwa ameshika mpini wake na kuapa kwamba yeye amechimba sawa, mfupi ni wa jirani. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, na kipande chake ndicho kilichokuwa na kina kifupi kuliko vyote.

Mama hakuniuliza kilichotokea. Alikata fimbo kwenye ua wetu, akaipima pamoja na mwalimu ilingane na kina kinachotakiwa, akanipa. "Anza kwetu," akasema. "Mpini wangu ni wa mwanamke, nao ni mfupi."

Nilivua tai nikaingia mtaroni. Tulipomaliza, mama akaita jirani wa chini, mwenye kipande kinachofuata, aje atupime. Hapo ndipo nilipoweka sheria ambayo naidai ni yangu: fimbo haiendi mbele mpaka jirani wa chini apime na aridhike. Mambo yakabadilika. Mwanamke mmoja alimwambia shemeji yake kwamba shimo lake lingetosha kuzika kuku, tena awe mdogo. Walichekana, walitukanana kidogo, na walichimba. Mwalimu alikaa siku mbili nzima kwetu, akila githeri ya mama na kuandika.

Fimbo ilifika kwa mwenyekiti siku moja kabla ya mwisho. Aliigeuza mkononi.

"Kijana, fimbo hii umeitoa Uarabuni?"

"La, mzee. Imetoka kwenye ua wa mama."

Aliwatazama watu wote waliosimama pale. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri juu ya nyasi, akateremka. Wanawe walitaka kumsaidia, akawakataza. Alichimba hadi jua likaegemea, na jirani wa chini akampima mara mbili bila kumwonea haya.

Kesho yake mkaguzi alitembea mtaro wote, akatia sahihi hati juu ya boneti ya lori, na paipu zikaanza kushuka. Nilipata alama za juu kabisa darasani, lakini hilo halikumshangaza yeyote aliyenijua.

Maji yalipofunguliwa sokoni, mama hakuwepo. Alikuwa ameenda mtoni kwa mazoea. Alipanda kilima na mtungi umejaa, akaona foleni ya wanawake kwenye bomba la sokoni, akasimama. Alimimina maji ya mto yote kwenye mgomba wa kando ya njia, polepole, akaenda kusimama nyuma ya wenzake.