Kinundu Juu ya Tano

Marietha alishona nguo Mbagala Rangi Tatu mpaka presha ya macho ilipomfungia dunia. Hata hivyo hakukaa kinyonge. Alikuwa na kisimu cha batani, na juu ya tano palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya ulezi. Kidole gumba kikishatua hapo, namba zingine alizijua zilipo. Kila asubuhi alimpigia Najat, jirani yake wa miaka mingi, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Mwanawe Rogers alipomhamishia kwake Madale, alimnunulia simu ya kupangusa.

"Ile imeshachoka, mama. Hii nitakuwa nakuona hata nikiwa kazini."

Marietha aliipapasa. Kioo kitupu, laini kama sahani iliyooshwa. Ilikuwa na sauti ya kumsomea, lakini ilisoma Kizungu, tena mbio mbio. Rogers aliahidi kuirekebisha, akasahau.

Rogers na mkewe Flaviana walitoka alfajiri, wakifunga geti kwa kufuli kwa kuogopa vibaka. Saa ya chai simu ikalia. Nani mwingine kama si Najat? Marietha akapangusa juu, akapangusa chini, mlio ukakatika. Ikalia tena, ukakatika tena. Siku nyingine alikihangaikia kile kioo kwa vidole vyote, jasho likimtoka, akiita, "Najat! Nipo hapa!" Mwishowe simu ikaacha kulia kabisa.

Jioni alimwambia mwanawe, "Rogers, umenizika ningali hai."

"Mama jamani! Utazoea."

"Nizoee nini? Kaburi?"

Kesho yake Rogers akarudi na kitochi kipya, kisimu cha batani. Marietha alikipapasa, uso ukamshuka: batani zilikuwa bapa, zimeshikana kama mkeka, na tano haikuwa na chochote. Akalia bila kujificha. Flaviana akaleta rangi ya kucha, akadondosha tone juu ya tano, likakauka, akaongeza lingine.

Asubuhi, geti likishafungwa, Marietha akapiga.

"Nani?" Najat aliuliza kwa ubaridi.

"Mie, Mama Rogers."

"Ahaa! Nakupigia unanikatia, nikajua huyo kishapata wa hadhi yake."

"Sikukukatia, Najat. Nilikuwa nahangaika na kioo, sijui pa kubonyeza."

Akamweleza yote. Najat akashusha pumzi. "Nisamehe, mwenzangu. Nakuja leo leo."

"Usije. Geti lina kufuli, ufunguo anao Rogers."

Najat akaja hivyo hivyo. Mchana kutwa walizungumza, mmoja ndani, mmoja nje, vitumbua vikipita chini ya geti kwenye mfuko.

Rogers aliporudi alimkuta Najat amekaa juu ya tofali nje ya geti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ufunguo mmoja mwachie mama yako."

Rogers alisema atafikiria. Mpaka leo anafikiria.