Nilimuambia rafiki yangu ni moshi ya samaki

Admin, jina langu ulifiche, lakini maneno yangu usipunguze hata moja. Niko mwanamuke wa miaka arobaini na saba. Nilizaliwa Kilwa, ngambo ya Congo, na ninaishi hapa Nchelenge, upande huu wa ziwa, tangu nilipoolewa na muchuuzi wa samaki. Niko na watoto wane. Kanisani wananiita mama wa maombi. Haya ninayoandika hata bwana yangu hajui.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na marafiki wawili, Sifa na Chanda. Sifa alitoka Kilwa sawa mimi. Chanda alikuwa Mubemba wa hapa hapa, Swahili alijifunza sokoni. Kila siku ya Mungu, kisha ibada, tulitembea kando ya ziwa mpaka Kashikishi, Sifa na mutoto wake mugongoni. Tulikula dagaa ya chisense ya kukaanga kwa karatasi moja, tukakunywa munkoyo wa unga wa mahindi kwa kikombe kimoja, na tukacheka watu. Kulikuwa jirani mumoja aliyetembea na sisi mara mbili tatu, naye alikuwa anakohoa. Chanda akasema tubadilishe njia, tukabadilisha. Siku moja akatuona kwa mbali, akatuita. Tukaongeza mwendo. Mimi ndiye niliyecheka kupita wote.

Kwa hiyo nilipopata kifua kikuu mimi mwenyewe, nilijua vizuri kinachoningoja.

Hospitali walinipa dawa ya miezi munane. Muganga alinieleza yote, namna ugonjwa unavyopita kwa watu, akasema nisiruke dawa hata siku moja, na kutembea polepole kutanisaidia. Kutembea nilitembea. Dawa niliacha mwezi wa pili. Nilikuwa nimepata nguvu, na sisi wagonjwa wa kifua tulikalishwa kwa baraza ya inje, kila mupita njia anatuona. Kikohozi kiliporudi niliwaambia marafiki ni asthme, yaani pumu, niko nayo tangu utoto. Chanda hakuamini sana, akaanza kutembea mbele yetu. Sifa aliamini. Nikichoka alikaa na mimi kwenye muchanga, ananipangusa jasho kwa kitenge cha kubebea mutoto, kisha anamaliza munkoyo niliouacha. Nilikuwa namuangalia anakunywa.

Niliporudi hospitali nilikuwa natema damu. Nilidungwa sindano kila siku kwa miezi miwili, marafiki niliwaambia ni za asthme, nikameza vidonge mpaka vya mwisho, nikapona. Na Sifa sasa alikuwa amekonda, anakohoa, kitenge kinamuzunguka mara mbili. Siku moja tuko njiani akaniuliza: "Dada, hii kikohozi yangu haiko sawa ile ya kwako?"

Nikamujibu: "Hapana. Ya kwako iko moshi ya samaki. Itaisha."

Alikuwa anakausha samaki kwa moto, kwa hiyo alikubali. Mimi niliogopa kwamba akienda hospitali watamuuliza alikaa karibu na nani, naye atataja jina langu, na Chanda atalipeleka soko nzima. Miezi mitatu Sifa alikunywa majani ya kuchemsha juu ya neno langu.

Muniache niseme na hili, ndilo linanichoma zaidi. Mimi niliyepona nilianza kumuogopa. Siku ya Mungu moja, mchana, alikuja kunichukua tuende kutembea. Nilimuona kwa dirisha, ameegemea ukuta apate pumzi. Nikamutuma mama mukwe aseme siko. Viatu vyangu vilikuwa pale pale mulangoni. Sifa aliviangalia. Hakukasirika. Alisema tu, kwa sauti ya kunifikia ndani:

"Mama, mumuambie miye nilitembeaka naye."

Akageuka, akaenda peke yake. Alipopotea kwenye kona nilivaa viatu, nikamupitia Chanda, tukatoka kwa njia ingine.

Kisha juma mbili dada yake mukubwa alivuka kutoka Kilwa, akamuchukua na mutoto. Sikwenda bandarini kumuaga. Kabla ya mvua tulisikia amekufa. Hospitali ya kule walisema alichelewa sana. Chanda aliposikia alinawa mikono hapo hapo, sawa mutu aliyegusa kitu.

Mwaka jana ule mutoto wa Sifa alifika, sasa ni mwanamuke, amekimbia vita na watoto wake, anaishi Mantapala, kambi ya wakimbizi. Alinitafuta kwa jina. Yule mama mukubwa aliyemulea, sasa naye marehemu, alimuambia kwamba Sifa mpaka siku ya kufa alisema amebakisha rafiki mumoja Nchelenge. Sijui kama alisema hivyo kwa kuamini ama kwa kunisamehe, na hakuna wa kuniambia. Binti ananiita mama. Anakuja na watoto, wanalala kwangu, ananisaidia shambani. Nampenda kweli.

Sasa anatengeneza ibada ya kumukumbuka mama yake, mwezi unaokuja. Ameniomba nisimame. Alisema: "Mama, ni weye moja tu ulimujua. Miye hata sura yake sina. Ubaambie batu alikuwa mutu wa namna gani, na kilichomuua ni nini."

Nikisema ukweli, nitamupoteza, na bwana yangu atajua ameishi na nani. Nikikataa kusimama, atauliza sababu. Nikisimama niseme uongo, nitakuwa nimemufungia Sifa mulango mara ya pili, na mara hii mbele ya mutoto wake.

Matusi yenu nitayasoma yote, sitajibu. Lakini mukimaliza kunitukana, wapendwa, munishauri: ile siku nikiitwa mbele, nifungue kinywa niseme nini?