Mgombani kwa Nani?

Ijumaa nilikuwa kwenye foleni ya posta mjini Moshi. Karani alimwita mama wa makamo aliyekuwa mbele yangu: "Mama wa kule Kilema, masomo yako ya haki za binadamu yamefika." Akamsukumia bahasha nene. "Hiyo stashahada ya kusoma kwa posta, sasa umefikia haki gani?"

Mama aliichana palepale, akapitisha kiganja juu ya karatasi. "Ya mwanamke kumiliki ardhi."

Mzee nyuma yangu akacheka. "Mwanangu, kihamba, shamba la migomba na kahawa la ukoo, ni cha mtoto wa kiume. Hilo nalo la kusomea?"

"Shikamoo, baba," mama alisema kwanza. Mzee akaitikia, naye mama akaendelea: "Wala sitamani kahawa ya mtu. Kwa mume niliachika, na kihamba cha baba anacho kaka. Sisi huku huzikwa mgombani, kihambani kwetu. Natamani tu kujua mimi nitazikwa mgombani kwa nani."

Mzee alivua kofia, akaishika kifuani. Kisha akauliza taratibu, "Na hayo masomo yanasemaje?"

Mama alipekua mpaka ukurasa wa mwisho. "Hayajafika hapo, baba. Labda bahasha ijayo."

Jioni nilisimama katikati ya migomba niliyoachiwa na baba yangu, mahali pangu pakinisubiri. Mama yule anahangaika na mtihani ambao mimi niliufaulu siku niliyozaliwa, mkunga aliposema tu, "Ni mvulana."