Sahani ya Apo Haijarudi

Nakumbuka alasiri moja huko Guangzhou, mwanangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeikodolea macho sahani ya watu. Sahani nyeupe, ina maua mekundu ukingoni, imekaa juu ya boksi la suruali tangu sikukuu ilipopita. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa namwogopa bibi wa chini aliyenipa sahani hiyo.

Nimeikumbuka kwa ajili yako. Juzi ulipopiga simu kutoka Arusha ulikohamia kikazi, ulisema hujui mtu, jioni zimekuwa ndefu, halafu ukaniambia, tena kwa kucheka, kwamba jirani alikuletea bakuli la makande ulipofika na mpaka leo bakuli liko kwako kwa sababu huna cha kulirudishia. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Ngoja basi nikuandikie vizuri, na usinikimbilie mwisho, nakujua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina umri kama wako. Mimi na wafanyabiashara wenzangu tulikuwa tunanunua nguo za jinzi pale Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, tunajaza mizigo, tunarudi Dar es Salaam. Safari ile suruali nyingi za mzigo wangu zilishonwa kwa zipu mbovu. Laoban, ndivyo tulivyozoea kuwaita wenye maduka kule, akaniambia nisubiri zifumuliwe zishonwe upya. Wenzangu wao mizigo yao ilikuwa tayari. Wakaniaga, wakaondoka, nikabaki kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Xiaobei, ghorofani, na maboksi yangu na sufuria ya umeme ya kupikia wali.

Mchana haukunisumbua. Mchana unabishana bei na watu, na mtu anayebishana hana nafasi ya kujihurumia. Jioni ndiyo ilikuwa adui yangu. Unapanda ngazi, unafungua mlango, hakuna hata mtu wa kukuuliza mbona umechelewa. Nilikula mkate na chai, nikalala mapema ili siku iishe. Nikienda kwenye kibanda cha simu kumpigia mama, nilisema niko salama salimini, nikakata kabla sauti haijanisaliti. Nilikuwa mpweke, mwanangu, upweke wa kuumiza kifua, na sikumwambia mtu.

Majira yenyewe yalikuwa yale wanayoyaita ya majani kupukutika. Guangzhou majani hayapukutiki sana. Kilichopukutika ni ngozi ya midomo yangu. Hewa inakauka, koo linawasha, na mimi nikashikwa na kikohozi kikavu kisichotaka kuondoka.

Chini ya ngazi aliishi bibi mmoja tuliyemwita Apo. Neno hilo kwao ndilo bibi, na jina lake halisi sikulijua. Alikuwa mfupi, nywele kazikata usawa wa masikio, na kila nikipita aliniuliza kama nimekula: anashika bakuli la hewa kwa mkono mmoja, vijiti vya hewa kwa mwingine, anatia kinywani, ananyanyua nyusi. Mimi naitikia kwa kichwa, nimekula. Mara nyingi nilikuwa namdanganya. Lakini katika mji ule mzima, hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza.

Ikafika sikukuu yao ya mwezi mpevu. Ndugu hukusanyika, huketi nje wakautazama mwezi, hupeana keki nene za duara zenye nakshi juu. Magharibi ile uchochoro mzima ulikuwa na taa za karatasi na vicheko. Kwa Apo hakuja mtu. Nilisikia nyayo zikipanda ngazi polepole, mlango ukagongwa, na Apo huyo, anahema, amenishikia keki kwenye sahani ya maua.

Nilipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikafunga mlango. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwislamu mwenzetu mmoja mwenye mgahawa wa tambi pale mtaani alikuwa keshatuambia kwamba keki zile nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Kuila siwezi. Nikampa mlinzi wa jengo kesho yake, naye akafurahi. Ikabaki sahani. Na sisi, mwanangu, umelelewa unajua: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bibi yako alikuwa radhi akurudishe sokoni kwa miguu kuliko umpelekee jirani bakuli lisilo na kitu. Sasa mimi nilikuwa na mkate na majani ya chai. Nikasema nitapika kesho kitu cha maana. Kesho ikazaa kesho nyingine, na kila siku iliyopita nilihisi sasa inabidi niende na kitu kikubwa zaidi. Nikaanza kumpita Apo kwa haraka, nimeinamisha kichwa, najitia natafuta funguo. Akiinua vijiti vyake vya hewa, mimi nishafika ngazini. Baadaye akaacha kuviinua.

Aliyeniokoa ni Bi Mwanaisha wa Unguja. Mtu mzima, mnunuzi wa vitambaa kule Shisanhang, mwanamke asiyejua kupindisha maneno. Alikuwa amerudi kutoka safari nyingine, akaja kunijulia hali. Nikamkalisha juu ya boksi, nikaanza kumlilia: chumba kinanibana, sina wa kuongea naye, naona kama nimesahaulika duniani. Alinisikiliza, halafu jicho lake likaanguka kwenye maua mekundu.

"Sahani ya nani hii?"

Nikamweleza yote, keki, mafuta, na kwamba nangojea nipate kitu cha kurudishia.

"Kwa hiyo umempokonya bibi wa watu sahani yake kwa adabu?" akauliza. Nikataka kujitetea, akaninyooshea kidole. "Kutokula si kosa, wala hakuna aliyekulazimisha. Lakini mie tangu nimeingia wanililia upweke, na mtu pekee aliyepanda ngazi kukugongea wamkimbia. Yeye hana wake, nawe huna wako, mwagawana ngazi moja! Hebu kesho nikija nisiione sahani hii hapa."

Akavaa viatu, akaondoka bila hata kunywa chai. Nilimkasirikia kwa muda. Kisha nikalia, maana alisema kweli.

Asubuhi nikaingia sokoni. Viazi vitamu vilikuwa vimejaa, majira yake yale, vyekundu nje na vya manjano ndani. Nikapata nazi. Mbuzi ya kukunia sina, basi nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa kwa msumari, nikakunia upande wenye meno. Vidole vilipata habari yake. Tui nikalichuja kwa mtandio msafi. Iliki ninayo, maana siku zile sikusafiri bila iliki.

Upishi wenyewe unaujua, lakini nikukumbushe, maana wewe una haraka jikoni. Menya viazi, kata vipande vikubwa, vichemshe kwenye tui jepesi na chumvi kidogo sana na iliki uliyoiponda. Vikianza kuiva, tia sukari na tui zito, punguza moto, na usikoroge. Shika sufuria uitikise tu, la sivyo utapata uji. Ile sufuria yangu ya wali haikuwa na moto wa kupunguza, nikakaa nayo nafunua mfuniko na kufunika, nafunua na kufunika, mpaka tui likashika. Chumba kilinukia nyumbani. Ndiyo mara ya kwanza kilipokuwa na harufu ya mtu anayeishi.

Nikavipanga kwenye sahani ya maua, nikashuka. Apo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Akaonja. Akatafuna taratibu, akafumba macho, akaniongelesha maneno mengi nisiyoyajua, kisha akainua vijiti vya hewa. Nikatikisa kichwa: hapana, sijala. Akavuta kigoda cha pili.

Ikabaki kumweleza habari ya keki. Nikagusa mtandio wangu, nikaonyesha kwa mkono upande wa mgahawa wa tambi, bado hakuelewa. Basi mwanangu, mimi mtu mzima na heshima zangu, nikajisukuma pua juu kwa kidole, nikakoroma kama nguruwe, kisha nikatikisa kichwa. Apo alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, na sikumbuki kama nilikuwa nimecheka tangu wenzangu waondoke.

Kesho yake mlango ukagongwa. Apo, amebeba kikapu: viazi vitamu, tangawizi, vipande vya sukari guru. Hakuleta chungu chake. Alinyoosha kidole kwenye sufuria yangu, akakoroma kidogo, akatikisa kichwa. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Tangu siku hiyo alipanda kila alasiri kupika kwenye chombo changu.

Kinywaji chake hicho ndicho ninachokupikia ukija likizo, na hukuwahi kuniuliza nimekitoa wapi. Viazi vipande vidogo, tangawizi bonge zima ulilolipondaponda, maji mengi. Viazi vikilainika unatia sukari guru, unaacha ichemke kidogo tu. Unakunywa supu yake moto na viazi unavila kwa kijiko. Kikohozi changu kilipozidi, alileta mapeasi. Analikata peasi juu kama mfuniko, anatoa mbegu, anatia sukari ya mawe, anarudisha mfuniko, anaweka ndani ya bakuli na kulipika kwa mvuke mpaka linatoa maji yake. Alikuwa ananisimamia mpaka nimalize, kama mtoto. Nami nikamfundisha chai ya tangawizi na iliki ya kwetu, akaitia maziwa kidogo mno, nikamsamehe.

Hatukuwa na lugha. Tulikaa tu, dirisha liko wazi, yeye akimenya machenza na kutunga maganda kwenye uzi ayakaushe. Jioni zikafupika zenyewe.

Kisha laoban akaniita: mzigo tayari. Wiki zote nilizokuwa nikiiombea siku hiyo, na ilipofika nilisononeka. Asubuhi ya kuondoka Apo alinipa sahani ileile ya maua, safari hii imejaa maganda makavu ya machenza ya kutia kwenye chai. Nikaifunga katikati ya suruali za jinzi isivunjike. Nilijua taratibu: nitairudisha imejaa.

Majira kama yale yaliporudi, nilirudi nayo. Nilikuwa nimetengeneza kashata za nazi, zinavumilia safari, nikazipanga juu ya ile sahani kabla sijaingia uchochoroni. Mlango wa chini ukafunguliwa na kijana nisiyemjua. Nikasema, "Apo?" Akaitazama sahani, akatikisa kichwa, akapunga mkono kuelekea mbali, juu ya mapaa ya nyumba. Nikauliza tena, akapunga vilevile. Mpaka leo sijui mkono ule ulimaanisha mji wa wanawe au makaburi. Niliketi kwenye ngazi nikala kashata zile mwenyewe, machozi yanatiririka.

Kinachoniuma si kwamba aliondoka. Watu huondoka. Ninachokililia ni zile siku nilizojifungia juu naye yuko chini, kila mmoja peke yake, katikati yetu ngazi tu, kwa sababu nilikuwa nangoja kuwa na kitu cha kutosha. Siku zile ningezipata wapi tena?

Sasa nisikilize, mwanangu. Leo ukitoka kazini pitia sokoni, nunua viazi vitamu na tangawizi. Kama umechoka, nunua ndizi. Na kama mfuko hauruhusu hata ndizi, basi mimi, niliyekufundisha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, ndiye ninayekwambia: lirudishe bakuli tupu. Gonga mlango, sema samahani nimekawia, na ukikaribishwa, kaa. Usijibu kwamba umekula kama hujala.

Sahani ya Apo nimeifunga kwa khanga, utaipokea kwa basi la kesho. Mimi sina tena pa kuipeleka. Wewe unapo, hatua chache tu kutoka mlangoni kwako. Itie chochote, mpelekee jirani huyo, na usimdai airudishe.

Mungu akupe wa kukuuliza kama umekula, mwanangu, akupe na ulimi wa kumjibu kweli. Na jioni zako huko ugenini zisiwe ndefu.