Nilivyomvusha Mgeni Wetu Kwenda Kongo

Ndugu msomaji, safari ya namna hii ni halali, usiiogope. Ila usifumbe macho kama mimi.

Hana, mgeni anayetusaidia ufugaji wa nyuki huku Inyonga, alikuwa anaishiwa muda wa kukaa nchini siku hiyohiyo tuliyosafiri. Nilimweleza taratibu: unagongewa muhuri wa kutoka, tunavuka ziwa hadi Kongo, tunarudi, unapewa muda mpya. Akagongewa muhuri, tukapanda boti.

Mawimbi yalipoanza kutupiga, nilijifunika turubai kichwani nikasali. Hana alinigusa bega. "Mwalimu, hii boti..."

"Tulia, mwanangu. Nitakueleza tukifika."

Tuliposhuka, nilimwona mgambo akitujia na rungu. Nikajiona tayari nafungwa ugenini. Nikainua mikono.

"Bonjuu, papaa! Sisi watu wazuri! Tumetoka Tanzania, tunarudi leo leo!"

Akashusha rungu.

"Shikamoo, mwalimu. Si ulinifundisha darasa la tano? Hapa Kapalamsenga, Tanzania hii hii. Upepo umewarudisha nyie."

Nikamgeukia Hana. Alikuwa ameshika pasipoti yake yenye muhuri wa kutoka, na bado yuko nchini.

"Ndicho nilichokuwa nakwambia kule kwenye boti," akasema.