Alishawaita Watu Jumamosi

Kompyuta zilikuwa bado kwenye maboksi wakati mzee aliposimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kutangaza kwamba Jumamosi ya wiki ya pili yake darasa litakuwa tayari, wote waje. Mimi ndiye niliyetakiwa kuziweka tayari, na habari nilizipata sokoni Nachingwea kutoka kwa mama anayeniuzia dagaa.

"Mwalimu, na mimi nakuja," akaniambia.

"Unakuja wapi?"

"Kwenye kompyuta. Si mwalimu katuita?"

Nikageuka palepale kurudi shuleni. Dagaa wenyewe nilisahau kuwachukua, akanikimbilia nao.

Mzee ninayemsema alikuwa mwalimu wa hesabu shuleni kwetu, Mmwera wa hapahapa, mwenye mikorosho yake na kofia yake safi kila siku, na mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu. Somo la kompyuta pale shuleni alilianzisha yeye, miaka mingi kabla shule haijawa na kompyuta hata moja. Alikuwa anachora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi moja moja, halafu anachora skrini na kipanya, na wanafunzi wanakariri. Wakamaliza kidato cha nne, wakaenda zao kwenye mashamba, kwenye maduka na kwenye ndoa, kitu chenyewe hawajakigusa. Nilipohamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, nikiwa sijui hata korosho inaota vipi, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hilo. "Nimefundisha watu kitu ambacho hawajakiona, mwalimu. Si vizuri."

Kwa hiyo alipopata habari kwamba tunaletewa mashine, hakuomba sherehe ya kuagwa wala zawadi. Aliomba kipindi kimoja, chenye kompyuta za kweli, kwa ajili ya wanafunzi wake wa zamani.

"Hawa wa sasa wanaye mwalimu, ni wewe," akasema. "Wale wangu hawana mtu."

"Sawa, mzee wangu, lakini si ungeniuliza kwanza kabla ya kutangaza?"

"Ningekuuliza ungesema tusubiri."

Kweli ningesema hivyo. Huku kwetu tangazo la msikitini halirudishwi. Linapanda pikipiki lenyewe, linafika Kiegei, linavuka hadi Nambilanje upande wa Ruangwa kwa walioolewa kule, na wengi wao namba zao za simu zilishabadilika zamani. Huna wa kumpigia umwambie asije.

Basi nikafungua maboksi. Mashine zilikuwa ndogo, nzuri, zinakula umeme kidogo mno, kwa sababu ndani zina chipu ya ARM, ukoo uleule wa chipu za simu zetu. Nilizipenda hadi nilipoziwasha. Kila moja ilikuwa na mfumo wa maonyesho tu: unaandika, unazima, ukiwasha ulichoandika kimepotea chote. Ilibidi zifutwe zote na kuwekewa mfumo mpya, na haikuwezekana kutoa diski nje, kwani imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi.

Hapo sikuogopa, tena nikatamba mbele ya walimu wenzangu. Ipo programu ya kunakili diski kwa mtandao, niliitumia sana shule niliyotoka. Unaandaa mashine moja vizuri, hiyo ndiyo mama. Programu inaichukua diski yake nzima ilivyo, inaiweka kwenye seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, halafu mashine nyingine zinaamka kupitia waya wa mtandao na kila moja inapokea nakala yake. Chumba kizima unakimaliza kati ya chai na chakula cha mchana. Niliwaambia hivyo hivyo, kati ya chai na chakula cha mchana! Mdomo huu.

Nikaigeuza laptopu yangu kuwa seva, nikachomeka waya, nikawasha mashine ya kwanza. Ikaomba anwani ya mtandao, ikapewa. Halafu kiza. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna chochote, skrini nyeusi tu inaniangalia. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha swichi ya mtandao. Nikaitolea mashine ile maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema kwenye eneo la shule, na bado ikanyamaza.

Nikampigia shoga yangu, afisa TEHAMA kule Ruangwa, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa huku mwaka mmoja na mimi. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza kulalamika.

"Seva yako inaipelekea mashine faili la kuamkia la kompyuta za kawaida. Mashine ya ARM itasomaje? Njoo nayo. Na usije mikono mitupu."

"Nakuja na mashine."

"Nasema chakula, wewe."

Nikaenda Ruangwa na mashine moja nimeifunga kwenye khanga, na kuku wa kuchoma kwenye mfuko. Ofisini kwake mtandao ulikuwa unakimbia, sio kama bando langu la kuhesabu pumzi. Tukatafuta hadi tukamkuta mtu mmoja, sijui wa nchi gani, ambaye alikwama palepale nilipokwama mimi. Alikuwa ametengeneza faili la kuamkia linaloelewa ARM, akaliweka wazi kila mtu alichukue, na akaeleza hatua zote kwa upole kama anamweleza mdogo wake. Hanijui, simjui, na hajawahi kuisikia Nachingwea. Nilimwandikia asante kwa Kiingereza changu, nikamalizia na "Mungu akubariki" kwa Kiswahili, akipenda akatafute maana yake. Mpaka leo namwombea.

Tukaifundisha seva kwanza imtazame anayebisha hodi: akiwa ni wa kawaida apewe faili la kawaida, akiwa ni wa ARM apewe lake. Mashine ikaamka! Halafu ikasema haioni diski. Jamani! Shoga yangu akala paja la kuku kwanza, ndipo akagundua kwamba diski za kwenye bodi zinaitwa jina jingine kabisa, na programu ilikuwa inatafuta majina iliyoyazoea. Tukaiandikia jina sahihi. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini. Tulipiga kelele mpaka jamaa wa ofisi ya pili akaja mbio na ufagio, akidhani kuna nyoka.

Shoga yangu, kwa kuwa ni mtu wa serikali, akaongeza na hati ya usalama, ili mashine isipokee kitu kutoka kwa seva nyingine yoyote. Hati ile ina tarehe yake ya kuanza kutumika. "Kwa hiyo kila mashine uiwekee tarehe na saa sahihi kwanza," akaniagiza.

Jumatano mchana nikarudi Nachingwea nikiwa mwepesi. Nikapitia mashine zote, nikaziwekea tarehe moja baada ya nyingine, nikajaribu mbili. Zikapokea vizuri kabisa. Mawingu yakaanza kukusanyika na kunguruma, mkuu wa shule akasema twende nyumbani, nikazizima nikaenda zangu. Niliwaza kwamba Alhamisi asubuhi namaliza kila kitu.

Alhamisi, mashine zote zilizobaki zikagoma. Kila moja inaandika kwamba hati haijaanza kutumika. Haijaanza? Si jana imetumika! Tarehe sikuifikiria hata kidogo, kwa sababu niliiweka kwa mkono wangu. Nikatengeneza hati upya, zikagoma. Nikaiweka programu yote upya, zikagoma. Siku nzima ikaniishia hivyo, na jioni kukanguruma tena, tukaondoka.

Ijumaa asubuhi nikaamua kumwambia mzee ukweli. Nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta, ameinama anafuta vumbi kwenye viti.

"Wa Nambilanje wamenipigia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wanalala kwa ndugu zao hapa mjini, ili wasichelewe kesho."

Nikatoa simu nikampigia shoga yangu, nikaweka sauti ya nje ili angalau mzee asikie kutoka kwa mtu mwingine kwamba haiwezekani.

"Mashine zinasema leo ni tarehe ngapi?" shoga yangu akauliza.

Nikaangalia. Nikaangalia na ya pili. Mashine zilikuwa zinasema tupo mwaka ule zilipotengenezwa kiwandani, hati ikiwa bado haijazaliwa.

"Hazina betri ya saa hizo," akasema. "Zikikosa umeme kabisa zinasahau. Mlizichomoa?"

"Hatukuchomoa! Nilizizima tu."

"Nilichomoa mimi," akasema mzee, na tena kwa fahari. "Juzi na jana. Mlipoondoka nikarudi, nikachomoa zote ukutani."

Sio yeye peke yake, ndivyo wanavyofanya huku wote. Ngurumo ya kwanza tu, televisheni inachomolewa, friji inachomolewa, na ukiwa mgeni unachaji simu yako, utaikuta mezani imechomolewa na hakuna aliyekuomba ruhusa. Televisheni ya shule iliwahi kuunguzwa na radi, na mzee aliapa haitatokea tena.

"Si ndiyo nazitunza?" akaniuliza, safari hii kwa wasiwasi.

Kwenye simu shoga yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi, mwenye hasira za karibu kama mlivyoniona, nilimwangalia yule mzee aliyerudi siku mbili peke yake kwenye upepo wa mvua kuzilinda mashine za kipindi chake, na hasira haikuja. Nikamshika mkono nikamwambia asante.

Tukaanza upya. Tarehe kwenye kila mashine, waya kwenye kila mashine, lakini nilikuwa na vipindi vya kufundisha, na umeme ukakatika mchana, ukarudi alasiri, tukaziwekea tarehe tena. Tulipobonyeza kuanza, mstari wa kijani ukatokea kwenye skrini zote kwa pamoja. Nilitaka kulia kwa furaha. Hapo hapo kukanguruma.

Mzee akasimama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi ya ukutani.

"Mzee, ukichomoa sasa zitabaki nusunusu," nikamwambia. "Tutaanza moja, na kesho ndiyo hiyo."

"Na radi ikipiga?"

"Zitaungua zote."

Sikutaka kumdanganya. Mashine zilikuwa za shule, lakini Jumamosi ilikuwa yake, na mimi sikuweza kumwamulia. Alibaki ameushikilia mkono hewani. Ngurumo ya pili ikaja, karibu zaidi, madirisha yakatetemeka. Akatazama mstari kwenye skrini, haujafika hata nusu. Kisha akaurudisha mkono, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali kabisa na ukuta, akaikalia ile mikono yake miwili, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Na mimi Mkristo nikasema amina kila alipovuta pumzi. Ulikuwa muda mrefu kweli. Mashine ya kwanza ikaandika imekamilika, ya pili ikafuata, na moja ya kule mwisho ikajivuta makusudi kama inatupima imani.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa, mzee wangu, chomoa!"

Wee! Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia hivyo. Alichomoa kila kitu, mpaka na feni. Mvua ikashuka tukiwa tumesimama katikati ya chumba, tunahema, tunacheka.

Jumamosi walifika kabla ya saa mbili. Walikuja wakulima wa korosho na mashati yao ya harusi, mwendesha pikipiki, muuguzi aliyetoka zamu na sare yake, kina mama wenye watoto. Watu wazima na ndevu zao wakajipanga mstari nje ya mlango kama enzi zile, wakaingia, wakakaa wawili wawili. Niliwasha mashine, zikaamka zote, nikajisogeza nyuma ya chumba.

Mzee akasimama mbele. Wakasimama wote. "Shikamoo, mwalimu!" Akaitikia marahaba, akawaambia wakae.

"Nisameheni," akasema. "Hili somo nimewacheleweshea."

Mwendesha pikipiki alikuwa anafuta macho kwa kofia. Ndipo mama mmoja wa Nambilanje, mtoto amelala mgongoni, akanyoosha kidole juu akisubiri aruhusiwe kusema, kama mwanafunzi.

Mzee akamruhusu kwa kichwa.

"Sisi tupo, mwalimu," akasema yule mama. "Fundisha."

Akafundisha.